Mikeka ya Mama Chini ya Mabati

Mama yetu alipofariki, waombolezaji walikuwa wengi kuliko nafasi, na kila mmoja alitaka kukaa ndani. Hapa Garsen hilo si jambo la kawaida. Matanga hukaliwa nje, chini ya turubai, kwa sababu nyumba nyingi ni za mabati na mchana chumba cha mabati hakikaliki. Lakini kwetu wanawake walijipanga sebuleni bega kwa bega, watoto wakalala mapajani mwao, na bibi mmoja aliyetoka Tarasaa, ambaye hakuwahi kufika kwetu, aliinua macho juu akauliza, "Hapa mmeweka mashine gani?"

Hatukuwa na mashine. Alichokuwa akikitazama ni mikeka ya nyasi na ya majani ya mikoma iliyofungwa chini ya bati, kazi ya mama. Nilimweleza. Akasema, "Mungu amrehemu," halafu akaendelea kutazama.

Tangu siku ile nimeulizwa habari za nyumba hii mara nyingi, na wengi wanaouliza hawakumjua aliyeitengeneza. Ndiyo maana naandika. Mama hakupenda kusifiwa. Mtu akianza kumsifu, yeye husema "Alhamdulillahi" na kuinuka kutafuta kazi. Kwa hiyo nitaeleza tu alivyoishi, jinsi nyumba hii ilivyopatikana, na jinsi ilivyokaribia kumtoka mkononi.

Jina lake lilikuwa Sadia. Alizaliwa malishoni, katika jamii ya wafugaji wa Kiorma, na aliolewa na baba yetu Mahadi akiwa bado msichana. Kwetu Waorma nyumba hujengwa na mwanamke. Mwanamume hukata miti ya zizi, lakini fito za nyumba hukatwa na mke, hupindwa na mke, na mikeka ya kuifunika hufumwa na yeye pamoja na mama yake na jamaa zake kabla hajaolewa. Boma likihama, mke ndiye anayeifungua nyumba, anaipakia juu ya mnyama, na kuisimamisha tena huko waendako. Kwa hiyo nyumba ni yake. Mume akikasirika hawezi kumwambia mkewe atoke nyumbani kwake. Hana nyumba. Ana ng'ombe.

Ng'ombe wa baba waliisha kwa ukame. Walibaki wachache, akawaachia jamaa zake, naye akaja mjini na mke, watoto wawili wa kike, na nyumba ya mama ikiwa imekunjwa juu ya mkokoteni wa punda. Ami yangu Nuh, ndugu mdogo wa baba, alikuwa mchuuzi wa mifugo na mambo yalikuwa yamemwendea vizuri. Alikuwa na kiwanja kando ya mji. Alituwekea pale vyumba viwili vya mabati, kuta mabati, paa mabati, akamwambia baba, "Kaa hapa, kaka. Mimi nina kwangu." Kiwanja kilikuwa chake, mabati yake, na misumari yake. Ulikuwa wema, na sitaki mtu asome habari zinazofuata akasahau wema huo.

Mama aliizungusha ile nyumba yake ya zamani kwa kamba, mikeka ndani ya mikeka, akaiweka juu ya fito nyuma ya choo. Baba alikuwa akimtania. "Sadia, uza hayo majani. Sisi ni watu wa mabati sasa."

"Mabati ni ya ndugu yako," mama alimjibu. "Hayo majani ni yangu."

Mama akaanza kuuza maziwa. Asubuhi wanawake waliokuwa bado na ng'ombe walileta madumu yao barabarani, naye alinunua, akachemsha mengine na mengine akayaacha yagande kwenye vibuyu, akauza mlangoni kwetu. Maziwa ndiyo yaliyotulisha na kutusomesha mimi na dada yangu, maana baba alikuwa mgonjwa wa kifua na kazi zake zilikuwa za kusuasua. Shida ilikuwa joto. Maziwa yaliyoingia ndani ya chumba kile asubuhi, adhuhuri ikifika yameshaharibika. Mama alinunua friji dogo la mitumba. Friji nalo likashindwa na chumba. Halikuzima hata kidogo, lilinguruma tangu alfajiri, na lilikunywa tokeni za stima kama ng'ombe wa kiangazi aliyefika malka, pale mtoni pa kunyweshea. Faida yote ya maziwa ilirudi kwenye stima. Juu ya friji kulikuwa na feni ya baba, ambayo ilikuwa ikitupulizia joto lile lile usoni.

Baba alifariki mwezi wa kwanza, kiangazi kikiwa kimekolea. Mama akaingia eda. Mwenye eda hatoki ila kwa dharura. Mimi ndiye niliyesimama mlangoni kuuza, na yeye alikaa ndani, kwenye jamvi, amevaa nguo zake za kufiwa, akisoma tasbihi. Bati likipigwa na jua lilikuwa likilia ta, ta, kama mtu anayetembea juu. Mara nyingine nilimkuta amelaza shavu sakafuni kwenye saruji.

Siku moja aliniambia, "Abdia, kule malishoni jua lilikuwa kali kuliko hapa."

"Ndiyo, mama."

"Na hatukuwa tukilala na mashavu chini."

Kesho yake alinituma nyuma ya choo nikalete ule mzigo.

Tulianza na chumba cha maziwa. Mara ya kwanza alikosea. Aliifunga mikeka ikiwa imebanana na bati, kama tunavyobana mikeka juu ya fito za nyumba ya malishoni, na joto likapita moja kwa moja. Jioni alipandisha kiganja akaugusa mkeka, akauondoa haraka. Akaifungua yote. Safari hii alitandaza fito kutoka ukuta hadi ukuta chini ya paa, akafunga mikeka kwenye fito hizo, akaacha nafasi ya shibiri moja kati yake na bati, na pande mbili za nafasi ile akaziacha wazi ili upepo wa alasiri upite ndani yake na kutoka na joto. Mikeka haikutosha. Jirani yetu Dinah, Mpokomo wa Wenje, mwimbaji wa kanisani, alituletea makuti ya mikoma kutoka kwao na akakaa na mama wakisuka, mmoja akisoma tasbihi yake na mwingine akivumisha nyimbo zake za Jumapili kwa sauti ndogo. Nje, upande wa magharibi, walisimamisha ua wa fito na mikeka, hatua moja mbali na ukuta, ili jua la jioni lisilifikie bati.

Ami Nuh alikuja kututazama, akasimama mlangoni akacheka. "Shemeji, umerudisha manyatta mjini. Watu watasema sikuwajengea."

"Umetujengea, Mungu akulipe," mama alisema. "Mimi nimeongeza nyumba tu."

Alicheka tena. Nadhani hakulisikia vizuri neno lile.

Kulikuwa na kosa la pili, nalo lilijitokeza baada ya eda kwisha. Mikeka ilianza kumwaga vumbi la manjano, na asubuhi moja nge alianguka kando ya dumu la maziwa. Malishoni jambo hilo halikutokea, na mama alikaa kitako kufikiri kwa nini. Ni Dinah aliyesema, "Kule mlikuwa mnapika ndani, au nje?" Walikuwa wakipika ndani, na moshi wa kila siku ndio uliokuwa ukiilinda mikeka na wadudu. Hapa tulipika nje. Basi mama akachukua vijinga vya ile miti tunayofukizia vibuyu vya maziwa, akaviweka ndani ya chungu kipana, akafunga milango akaacha moshi upande hadi juu. Tangu hapo alifukiza nyumba kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri. Nyumba ikawa na harufu ya kibuyu kipya. Wateja wa maziwa waliipenda, ingawa hawakujua wanapenda nini.

Maziwa sasa yalifika alasiri yakiwa mazima. Friji lilipumzika, ulikuwa unaweza kulisikia likinyamaza. Tokeni tulizokuwa tukinunua kila mara zikawa zinakaa, mpaka mama akadhani mita imeharibika. Feni aliiuza, akanunua kamba. Dada yangu, aliyekuwa amerudishwa nyumbani kwa kukosa karo, alirudi shuleni kabla muhula haujafika mbali.

Halafu akaja Kaingu.

Kaingu ni mfanyabiashara wa Kigiriama wa Tarasaa, anauza mbegu na dawa za mifugo. Ni mtu mpole, mnene kidogo, na siku hiyo alikuwa amesimama kwetu kununua maziwa akiwa njiani. Mama alimkaribisha aketi ndani anywe. Aliketi. Alimaliza kikombe, akaagiza cha pili, akakaa. Alitazama juu, akatazama kipimajoto kilichokuwa kwenye boksi lake la dawa.

"Mama Abdia," alisema, "nyumba hii ni ya nani?"

"Kiwanja ni cha shemeji yangu Nuh," mama alijibu. Alijibu alichodhani ameulizwa.

Kaingu alikuwa akitafuta mahali pa kufungua duka Garsen. Dawa zake ziliharibika kwa joto, na nyumba ya matofali yenye vipoza-hewa hakuimudu. Alikwenda moja kwa moja kwa ami Nuh akamtajia kodi ambayo ami hakuwahi kuiota kwa vyumba viwili vya mabati. Ami alikuwa amepata hasara mnadani mwaka ule. Alikubali palepale, kisha akaja kwetu.

Alikuja baada ya swala ya Ijumaa, akiwa bado na kanzu. Alikaa, akasifu maziwa, akauliza afya ya dada yangu. Mama alimwacha amalize.

"Shemeji," alisema mwishoni, "nyumba imepata mtu."

"Nyumba ipi?"

"Hii."

Mimi nilikuwa nikiosha vikombe, nikaacha.

"Si kwamba nawafukuza," ami aliendelea. "Nitawatafutia chumba. Lakini unajua hali. Nyumba ilikuwa haina bei, sasa ina bei. Mungu amefungua mlango, nitaufunga?"

"Usiufunge," mama alisema. "Kiwanja ni chako. Mabati ni yako. Sina neno. Mtu wako anaingia lini?"

"Jumatatu."

"Inshallah."

Ami alitoka amefurahi, na mimi nikaanza kulia. Tungeuza wapi maziwa? Wateja walikuwa wa mlango ule. Chumba kingine kingekuwa tanuri kama hiki kilivyokuwa, na friji lingeanza kunguruma upya, na dada angerudi nyumbani. Nilimwambia mama kwamba amekubali upesi mno, kwamba angemwomba, angemkumbusha marehemu.

"Nimekubali nini?" aliuliza. "Amesema anataka kiwanja chake na mabati yake. Hayo si yangu."

"Na sisi?"

"Sisi tunahama. Hujawahi kuhama wewe. Mwite Dinah."

Jumapili, Dinah aliporudi kanisani, walianza. Sijawahi kuona kazi ikienda haraka namna ile. Walikuja wanawake wengine wanne wa Kiorma, wauza maziwa wenzake, na kila mmoja alijua fundo la kufungua kwanza na la kufungua mwisho. Hakuna kamba iliyokatwa. Mikeka ilishuka, fito zikashuka, ua wa nje ukalala, vyote vikakunjwa kwa utaratibu ule ule vilivyokunjwa walipotoka malishoni. Mama alifagia vyumba, akapangusa bati kwa ndani, akamwaga maji mlangoni ili vumbi litulie. Mzigo ukapanda mkokoteni wa punda na kwenda safari ya kutoka upande huu wa ua hadi upande wa pili, nyuma ya nyumba ya Dinah. Kabla ya magharibi nyumba ya mama ilikuwa imesimama pale, ya mviringo, ndogo, imepinda mgongo kama ng'ombe aliyelala.

Dinah aliizunguka mikono kiunoni. "Sasa nina boma la Waorma uani," alisema. "Nikiamka ng'ombe wamo kwenye mahindi yangu, angalau nitajua wa kumwuliza."

"Ng'ombe wangu wako mbali," mama alisema.

"Ndio maana nimekukubali."

Watu walipita makusudi kutazama. Wengine walicheka. Mama aliwasha moto ndani, akapika chai, akaswali.

Jumatatu Kaingu alifika na gari la mizigo. Ami Nuh alikuwa pale kumpokea, na funguo mkononi. Ilikuwa karibu saa sita. Tuliwaona kutoka uani kwa Dinah: Kaingu aliingia, akakaa ndani kidogo, akatoka akijifuta shingo. Ami akaingia. Naye akatoka. Wakasimama juani wakizungumza, na juani kulikuwa na nafuu.

"Mzee Nuh, nyumba niliyoiona siyo hii," tulimsikia Kaingu.

"Ni hii. Hesabu mabati, hata moja halikutoka."

"Mabati yapo, nakubali. Lakini mimi sikukuambia nataka mabati. Mabati ninayo Tarasaa."

Hakugombana. Alimrudishia ami funguo, akaja hadi uani kwa Dinah, akanunua maziwa, akainama akachungulia nyumba ya mama, akasema, "Kumbe ilikuwa huku." Akaenda zake.

Ami alikasirika. Alizungumza msikitini na hata sokoni kwamba mke wa marehemu ndugu yake amembomolea nyumba. Habari hizo zilifika kwa mkewe Dhahabo, mwanamke wa maneno machache makali, ambaye alikuwa amejenga na kuhamisha nyumba yake mwenyewe mara nyingi kuliko ami alivyohamisha ng'ombe. Inasemekana alimwuliza kitu kimoja tu: "Amebeba nini ambacho ni chako?" Ami alitaja misumari. Dhahabo akaenda mwenyewe kuhakikisha, akaikuta misumari yote ukutani.

Siku chache baadaye walikuja wote wawili. Dhahabo aliingia ndani ya nyumba ya mama bila kubisha hodi ya pili, akakaa kama kwake. Ami aliinama akaingia, kilemba chake kikaanguka.

"Shemeji," alisema, "turekebishe. Rudisha mikeka yako. Kaingu atanilipa mimi kiwanja na wewe atakulipa mikeka, kila mwezi."

"Na mimi nikae wapi?" mama aliuliza.

"Hapa. Si umeshajenga?"

"Hapa ni kwangu, Nuh," Dinah alisema kutoka nje, alikokuwa akichambua mboga. "Usinigawie mgeni."

Dhahabo alicheka mpaka akashika ubavu. Ami hakucheka.

"Mimi nina neno jingine," mama alisema. "Niuzie kiwanja."

Ami alikirudisha kilemba kichwani. "Naweza kukuuzia. Lakini bei ya pale imepanda, shemeji. Wewe mwenyewe umeona."

"Imepanda kwa nini?"

"Nyumba ina ubaridi. Watu wameona."

"Vizuri," mama alisema, akainuka. "Twende tukae ndani ya huo ubaridi, tupatane bei."

Nilidhani anatania. Hakuwa akitania. Alitangulia, sisi tukafuata, saa saba ya mchana, tukaingia ndani ya chumba kile kitupu. Mama alitandika jamvi, akakaa, akamkaribisha ami akae. Bati lilikuwa likilia ta, ta. Dhahabo alikaa karibu na mlango na kujipepea kwa ncha ya mtandio.

Ami alitaja bei. Mama alisema, "Hiyo ni bei ya nyumba iliyo uani kwa Dinah. Mimi nauliza bei ya hii tuliyomo."

"Shemeji, tutoke tuzungumze kivulini."

"Anayenunua hutazama mali yake. Mimi sijamaliza kuitazama."

Jasho lilikuwa limemlowesha ami mgongo wote wa shati. Mama alikuwa na tasbihi yake. Alikuwa amekaa eda nzima ndani ya chumba kile, na kukaa pale hakukuwa jambo geni kwake. Ami alipunguza. Mama alisema "Endelea." Alipunguza tena, akasema kwamba hata kiwanja kitupu hakiwezi kwenda chini ya hapo.

"Kiwanja kitupu ndicho nilichouliza," mama alisema.

Dhahabo alimwangalia mumewe. "Baba watoto, kubali. Au mtafia humu na sisi tutakaa matanga bila turubai."

Wakapatana kwa mitamba wawili kutoka kwa wale ng'ombe waliobaki kwa jamaa za baba. Ami aliwataka wawe wa rangi nyekundu, mama akakubali rangi. Mama aliongeza jambo moja kabla ya kutoka: aliomba radhi, kwa maneno ya wazi, kwamba hakumtangazia kuwa atahama na mikeka. Ami akasema, "Mimi ni Muorma. Sikuhitaji kuambiwa. Nilisahau." Walikwenda kwa imamu, wakaenda kwa chifu, karatasi zikaandikwa, na wiki iliyofuata mikeka ilirudi juu.

Kaingu alipata chumba mtaa wa pili, akamwomba mama amfungie mikeka. Mama alimwambia hamfungii mwanamume nyumba. "Mlete mama wa nyumba. Yeye afunge, mimi nitaelekeza." Kaingu alidhani ni mzaha. Mwishowe alimleta mkewe Kabibi kutoka Tarasaa, naye alikaa kwetu akijifunza kusuka, kuacha shibiri, na kufukiza. Dawa za Kaingu hazikuharibika tena, na Kabibi alirudi Tarasaa akafanya vivyo hivyo kwa nyumba yake mwenyewe.

Hiyo ndiyo ikawa kanuni ya mama. Walikuja wenye vyumba vya kupangisha, baada ya kugundua kwamba chumba chenye mikeka hakikai bila mpangaji na kodi yake haibishaniwi. Alikuja mwalimu wa Kulesa aliyechoka kununua tokeni za feni. Kila mmoja aliambiwa aje na mkewe, au mama yake, au binti yake. Mwenye vyumba mmoja alileta mkewe, kisha akamnung'unikia mama kwamba sasa mkewe anasema nusu ya kodi ni yake. Mama alimwuliza, "Na wewe unasemaje?" Yule bwana hakurudi, lakini vyumba vyake vina mikeka hadi leo.

Kwa kazi hiyo alipokea alichopewa, na mara nyingi kilikuwa sukari au mbuzi. Alipoulizwa kwa nini hafanyi biashara kubwa, alisema biashara yake ni maziwa.

Mwaka huu presha ilimzidi. Tulimpeleka hospitali, wakatupa dawa, wakaturuhusu. Siku za mwisho alilala chumba cha maziwa, kwa sababu ndicho chenye mikeka ya zamani, ile aliyofuma na mama yake. Alikuwa akiitazama sana. Alinionyesha kwa kidole mahali ambapo nyanya alikosea mshono, nami nilikuwa nimeishi chini yake miaka yote nisipaone. Alhamisi alinikumbusha moshi. Nilimwambia utamkohoza. Akasema nimfunike uso kwa kanga. Alifariki Jumamosi, baada ya kutia udhu wa alasiri. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Matanga yalipoondolewa, ami Nuh alikuja peke yake. Amezeeka, ana fimbo. Nilijua kuna mfanyabiashara mmoja aliyekaa ndani siku ya matanga akauliza mambo mengi, na nilijua amemfuata ami, kwa sababu watu bado humfuata mwanamume kwanza. Mimi na dada yangu hatukuwa tumezungumza chochote, lakini kila mmoja alikuwa akifikiria kama mwenzake anataka kuuza.

"Nimeulizwa bei ya nyumba," ami alisema. "Ni bei kubwa."

"Umemjibu nini, ami?"

"Nimemwambia mimi nilishauza kiwanja kitupu zamani. Nyumba akamwulize mwenye kuifukiza." Alitazama juu kwenye mikeka, kisha akaniangalia. "Ni nani siku hizi?"

Dada yangu, ambaye sasa ni mwalimu na anaishi mbali, alisema, "Ni Abdia."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu ya mirathi kuhusu mikeka. Kiwanja tulikigawa kama sheria ya dini inavyosema, na dada ameniachia nikae.

Alhamisi ya kwanza nilifukiza mwenyewe. Nilizidisha vijinga, moshi ukatoka mpaka barabarani, na Dinah akaniita kutoka uani kwake niangalie nisichome kazi ya wenyewe. Nilipunguza. Wiki iliyofuata nilipatia. Maziwa ya asubuhi ile yalikuwa mazima alasiri, na tokeni nilizonunua kabla ya msiba bado zipo.

Mwenyezi Mungu amsamehe mama yetu Sadia na baba yetu Mahadi. Ampe huko alikokwenda nyumba yenye kivuli kirefu, isiyohitaji kufunguliwa tena.